Kisu cha Dobi

Inatangazwa kwa wote wanaokata, wanaokatiwa na waliowahi kujikata, kwamba fundi visu ajulikanaye kwa jina la Cheche, mwenye miaka ishirini na miwili katika kazi ya kuchovya visu vya moto ndani ya pipa la mafuta, amekoma kuchovya. Uamuzi huo umeanza kutumika mara moja. Watu wanaombwa wawe watulivu na waendelee na shughuli zao.

Sababu rasmi, ile aliyowapa majirani wa karakana, ni kwamba moshi wa mafuta unamkereketa koo. Sababu yenyewe hasa ilikuwa ndani ya begi la mkewe, imeviringishwa kwenye taulo la jikoni kama kitoto kichanga.

Alikuwa anatafuta ufunguo. Hilo lieleweke mapema, maana Cheche si mtu wa kupekua begi la mke. Wenzake wanapekua simu za wake zao. Yeye hata ya kwake mwenyewe hajui kuipekua. Ilikuwa Jumatano jioni, mkewe yuko uani anaanua nguo, kabati limefungwa, na ufunguo wa kabati siku zote hukaa ndani ya begi jeusi analokwenda nalo kazini. Akatia mkono. Akagusa taulo. Ndani ya taulo vidole vikagusa kitu na kukitambua kabla macho hayajaitwa.

Kisu. Na si chake.

Mkewe alikuwa mpishi katika jiko la chuo, msimamizi wa meza ya kukatia, mahali ambapo vitunguu huingia kwa magunia na kutoka kwa masufuria. Mtu wa kazi hiyo hushika kisu zaidi kwa siku moja kuliko anavyoshika mkono wa mumewe kwa mwaka, na Cheche alilijua hilo. Ndiyo maana kila mwaka, siku waliyofunga ndoa, alimpa kisu kipya alichokifua mwenyewe. Vilikuwa vimefika ishirini na viwili. Aliingia kwenye visu na kwenye ndoa mwaka mmoja, yote mawili bila mafunzo, na hakuona sababu ya kutenganisha sherehe. Waume wengine huleta maua. Cheche alileta chuma, akala chakula cha jioni, akaona amemaliza.

Sasa kulikuwa na chuma cha mtu mwingine.

Akakilaza kisu kile juu ya kioo cha meza ya sebuleni, akainama mpaka shavu likagusa kioo, akatafuta mwanga chini yake. Hakuna. Akakiinua, akafumba jicho moja, akakitazama kwa urefu kama mtu anayelenga shabaha. Kilikuwa kimenyooka kwa namna ya kuudhi. Akakinusa pia. Karibu na mpini palikuwa na muhuri mdogo uliogongwa kwenye chuma: picha ya pasi.

Hapo ndipo kijiba cha roho kilipomkaba sawasawa, maana pasi ile, ukifuatilia kwa haki, aliianzisha yeye mwenyewe.

Mwenye pasi alikuwa mwanyumba wake, yaani bwana aliyemwoa mdogo wa mkewe. Zamani bwana huyo alichomea mageti na madirisha, na Cheche alimpenda sana siku hizo, kama unavyompenda ndugu asiyekushinda kitu. Halafu, miaka mitatu iliyopita, bwana akaenda mahali fulani kusoma kwa wiki sita, akarudi na tanuri la umeme na mabamba mawili mazito ya alumini, akatangaza kwamba naye anatengeneza visu. Kisu chake kikishaiva hakichovywi popote. Anakitoa tanurini, anakiweka katikati ya mabamba yale mawili, anayabana kwa jiliwa, anasubiri. Mabamba yananyonya joto pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kisu kinatoka kimepoa, kimekuwa kigumu, na hakijapata nafasi ya kujikunja popote kwa sababu kilikuwa kimebanwa.

Cheche alipokwenda kuona mara ya kwanza alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu si fundi," akawaambia watu. "Huyu dobi. Anapiga visu pasi."

Mtaa ulicheka siku mbili. Siku ya tatu mtu mmoja akauliza huyo dobi anapatikana wapi, maana naye angependa kisu kilichopigwa pasi. Wiki iliyofuata walikuwa watano. Mwanyumba hakukasirika hata kidogo, alichora pasi kwenye kibao cha mlangoni, kisha akachonga muhuri wa pasi, akawa anajitambulisha kwa simu, "Halo, Dobi hapa." Katika historia ndefu ya matusi, Cheche ndiye mtu wa kwanza kumtukana mshindani wake akamletea wateja.

Na yote hayo alikuwa ameyavumilia. Wateja wakienda, waende. Wateja ni kama inzi, wanafuata harufu mpya. Lakini begi la mkewe si soko.

Mkewe akaingia na mlima wa nguo kifuani. Cheche alikuwa ameshakirudisha kisu kwenye taulo na taulo kwenye begi, ila uso hakuwa na mahali pa kuurudisha.

"Umepata ufunguo?"

"Nimepata."

"Mbona unao mkononi na kabati bado limefungwa?"

"Nilikuwa nafikiri."

"Pole, baba," mkewe akasema, akaanza kukunja shuka.

Cheche akazunguka meza mara moja. "Hivi kile kisu nilichokupa mwaka jana kiko wapi?"

"Kazini. Kwenye ndoano, ukutani."

"Kinalala huko?"

"Kinalala huko."

"Wazi hivyo hivyo? Hakuna wa kukiiba?"

Mkewe akacheka kidogo puani, bila kuinua macho kwenye shuka. "Nani akiibe kile?"

Akaendelea kukunja. Hakujua kwamba maneno hayo matatu yalikuwa yameingia mahali na kufunga mlango kwa ndani.

Mwenye wivu angeweza kuuliza swali moja tu na kumaliza kazi: kisu hiki cha nani na kwa nini kiko kwenye taulo? Ila wivu humfanya mtu aulize kila kitu isipokuwa hicho. Cheche aliuliza kama chumvi imekwisha. Aliuliza habari za mabomba ya chuo. Na kila asubuhi alisimama mlangoni kumtazama mkewe akiondoka na begi jeusi begani, akiwa na hakika kwamba analibeba kwa upole kuliko zamani.

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja, na kilikuwa cha bei ya taulo: taulo lenyewe. Kisu chake kikiviringishwa kwenye taulo lile, kikabebwa begani kwenda na kurudi, yeye angekufa ameridhika. Au angalau angelala. Siku ya ndoa yao ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kisu cha ishirini na tatu kingekuwa kimenyooka kuliko vyote, kunyooka kwa kumtia Dobi haya, na hapo tuone taulo litamchagua nani.

Tatizo lilikuwa dogo: katika maisha yake Cheche hakuwahi kutengeneza kisu kilichonyooka.

Visu vyake vilikuwa vigumu, vilikata, vilidumu. Mwenyewe alisema vitamzika. Lakini vilipinda. Si sana, kwa unene wa ukucha, na vyote kuelekea upande mmoja, kushoto, kama abiria wanaotazama ajali. Yeye aliita hali hiyo "mwelekeo". Mteja akilalamika, aliambiwa kwamba kisu kisicho na mwelekeo ni bati lenye mpini, na mteja huenda zake akijiona yeye ndiye asiyejua visu.

Na ukweli ni kwamba watu hawakuja kwake kwa ajili ya kunyooka. Walikuja kwa ajili ya moto. Alitumia springi za magari, mkaa, na feni iliyonguruma kama ina deni na mtu. Kisu kikishapata rangi ya machungwa, alikinyanyua kwa koleo, akakaa kimya kidogo ili wapita njia wapate muda wa kusimama, kisha akakizamisha. Mafuta yakaitika kwa mlipuko wa moto mpaka juu ya kichwa, moshi ukatoka na harufu ya kiatu kinachoungua, akina mama wakafunika chakula, na Cheche akasimama katikati ya yote hayo uso ukiwa umegeuzwa pembeni kwa madaha. Uso aliugeuza kwa sababu. Unyusi wake wa kushoto uliondoka mwaka wa tatu wa ndoa na mpaka leo haujarudi wala kutuma salamu.

Alhamisi asubuhi akaegesha mlango wa karakana. Mlango ule haukuwahi kuegeshwa tangu ulipofungwa bawaba, kwa hiyo ndani ya robo saa kila mtu alijua kuna siri. Wa kwanza kujua alikuwa fundi baiskeli wa upande wa pili wa barabara, mtu ambaye kazi yake ya pili, na ndiyo aliyoipenda, ilikuwa mambo ya watu.

"Cheche, mbona leo hakuna moshi? Kuna msiba?"

"Shughulika na matairi yako."

"Nauliza tu. Saa hizi huwa nimeshaanza kukohoa. Kifua kinashangaa."

Ndani, Cheche alikuwa ameokota vipande viwili vya chuma kinene kwenye mabaki ya mchomea mageti wa jirani, vyenye kutu lakini vizito. Akaivisha kisu cha springi kama kawaida. Kilipoiva akakilaza juu ya kipande kimoja, akaweka kipande cha pili juu yake, na kwa kuwa jiliwa lake halikuweza kupanua mdomo kiasi hicho, akapanda yeye. Akasimama juu ya vyuma, mikono imenyooshwa kwa ajili ya kujizuia asianguke, akahesabu kwa sauti. Alipofika arobaini akaona jicho la fundi baiskeli kwenye ufa wa mlango.

"Unajipima uzito?"

"Niko kazini."

"Sawa. Na hiyo kazi inataka miguu yote miwili, au mtu mwenye mguu mmoja anaweza kuomba?"

Cheche akashuka, akafunua. Kisu kilikuwa kimenyooka. Alikilaza huku, akakigeuza kule, akakipitishia uzi: kimenyooka. Kwa dakika kumi hivi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika barabara ile. Akakinoa, akachukua nyanya aliyokuja nayo kwa chakula cha mchana, akapitisha.

Nyanya ikabonyea tu, ikamtazama.

Akapitisha tupa kwenye makali. Kisu kikiwa kigumu, tupa huteleza juu yake. Hii iliuma kama inauma sabuni. Alikuwa ametengeneza kijiko kirefu kilichonyooka. Springi ya gari inataka kushtuliwa, na mafuta yanaijua namna ya kuishtua. Vyuma vile vyenye kutu viliipoza taratibu, kama chai iliyosahauliwa na mwenye nayo. Alirudia Ijumaa. Alirudia Jumamosi mara mbili, mara ya pili akiwa amebeba mfuko wa saruji mgongoni ili kuongeza uzito. Vyote vikanyooka, vyote vikalegea. Fundi baiskeli alihamisha kiti chake karibu na ufa.

"Mimi si fundi visu," akasema, "ila kama ni habari ya kubana, yupo mtu hapo chini anabana vizuri tu. Umemwita mwenyewe Dobi."

Jumatatu Cheche akaoga, akavaa shati la kwendea harusini, akateremka barabara kama mtu anayepeleka kesi.

Karakana ya mwanyumba ilikuwa imefagiwa. Huo ulikuwa uadui wa kwanza. Redio iliimba kwa sauti ya chini, koleo na tupa zimetundikwa kwa ukubwa, na Dobi mwenyewe alikuwa na shati la mikono mirefu lenye mikunjo ya pasi, jeupe. Mahali pa kutengenezea visu, na mtu amevaa jeupe. Ungedhani umeingia zahanati na unaulizwa unaumwa wapi.

"Karibu, mwanyumba. Umekuja kuangalia au umekuja kucheka?"

"Nimekuja kuazima tupa."

"Za kwako zimekwenda wapi?"

"Zimechoka."

Dobi akashusha tupa nzuri kuliko zote ukutani, akampa. Cheche akaipokea, akaigeuza, akaisifu mpini, akabaki amesimama. Mtu mwingine angefurahia kumwona anavyojikaza. Dobi akavuta kiti.

"Kaa basi. Nina kimoja kinatoka sasa hivi, tuangalie pamoja."

Angemfukuza, Cheche angepata kumchukia kwa amani. Badala yake aliletewa maji ya kunywa kwenye glasi.

Akaona yote. Kisu kilikuwa kimefungwa ndani ya karatasi nyembamba ya chuma, kama barua, ili hewa ya tanurini isikiunguze na kukiachia ukoko mweusi. Chuma chenyewe hakikuwa springi. Kilikuja kwa sanduku na karatasi zake, chuma cha namna nyingine, kisichotaka kushtuliwa kwa nguvu. Dobi akafungua tanuri, akavuta ile barua nyekundu kwa koleo, akaingiza katikati ya mabamba ya alumini, akakaza jiliwa, akaelekeza bomba la hewa pembeni. Likasema ssss. Basi. Hakuna moto, hakuna moshi, hakuna aliyesimama barabarani. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Ndiyo hivyo tu?" Cheche akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na kicheko.

"Ndiyo hivyo tu. Inachosha kutazama, najua. Kwako watu wanapiga makofi." Dobi alisema hivyo kwa kumaanisha, na Cheche akatamani awe anakejeli. "Unataka kujaribu? Chuma kipo, chukua kipande. Chonga umbo unalotaka, urudi nacho kesho."

Kesho yake alirudi nacho. Alikuwa amekichonga vizuri. Mikono yake haikuwa na ubaya, ubaya ulikuwa kwingine. Wakakifunga kwenye karatasi ya chuma, wakakiingiza tanurini, wakasubiri kama wageni kwenye sebule ya mtu. Wakati ulipofika Dobi akampa koleo.

Cheche akafungua, akabana, akavuta, akageuka kuelekea mabamba.

"Mwanyumba," Dobi akasema, "mbona umegeuza uso?"

"Moto."

"Moto upi?"

Cheche akatazama. Mabamba mawili ya alumini yalikuwa yamekaa pale yanangoja, baridi, yana adabu. Shingo yake ilikuwa imegeuka yenyewe kuukimbia mlipuko ambao haukuwepo.

"Na ukigeuza uso, mkono unalala," Dobi akaendelea, akiinama kutazama vizuri. "Ona. Kingekuwa kinaingia kwenye mafuta, upande mmoja ungetangulia na mwingine ungechelewa." Kisha uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyepata jibu la kitendawili alichokiacha tangu utotoni. "Kumbe ndiyo maana vyako vyote vinatazama kushoto. Miaka yote hii nilidhani ni mtindo."

"Ni mtindo," Cheche akasema. "Sogea, kinapoa."

Akakiingiza, akakaza. Ssss. Akahesabu mpaka sitini kwa sauti ndogo, akiwa amesimama chini, kwa miguu yote miwili, kama binadamu. Walipofungua, kisu kilishikika kwa mkono mtupu. Hakuna mwanga chini yake. Moyoni Cheche alikuwa ameomba, kwa siri kabisa, kitoke kibaya ili aondoke pale na heshima ya kusema alijua.

"Hiki ndicho basi," Dobi akasema. "Hata mtu akitaka kukipinda sasa, hakipindiki. Kitavunjika kwanza."

Kisha kikapelekwa ndani ya nyumba, kwenye friza, maana chuma kile kilitaka baridi kali kabla ya kurudishwa kwenye joto dogo la kukitoa ubishi. Mdogo wa mkewe alikuwa jikoni. Akafungua friza, akasogeza mfuko wa maharage, akakilaza kisu juu ya vingine vinne.

"Umeona maisha yangu, shemeji? Mtu akitaka barafu kwangu, lazima kwanza nitoe silaha. Mwambie dada amshukuru Mungu, vyako havitaki friza."

"Vyangu vinajitegemea."

"Na kile nilichompelekea dada, kinafaa?"

Friza ilikuwa wazi, lakini si yenyewe iliyompitisha Cheche baridi mgongoni. "Sijui," akasema. "Kipi hicho?"

"Hajakwambia? Anakitunza, yule. Nimemkuta juzi anakivingirisha kwenye taulo, akasema hathubutu hata kukiacha kazini."

"Kweli?"

"Hathubutu kabisa."

Cheche akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari za afya. Hathubutu. Na cha kwake kiko ukutani kwenye ndoano, kinalala na panya.

Siku tatu zilizobaki alifanya kazi kama mgonjwa wa homa. Kisu kiliporudi kutoka kwenye friza na joto dogo, alikitilia mpini wa mti mweusi, akaung'arisha mpaka ukamwonyesha uso wake na unyusi wake mmoja. Akakinoa kwa jiwe, kisha kwa ngozi. Kilikata karatasi bila sauti. Alipokilaza kando ya visu vyake vya zamani, hakikufanana na ndugu hata mmoja. Kilikaa pale kama mtoto aliyesomeshwa ng'ambo. Ijumaa jioni alijikuta anakionea gere kisu chake mwenyewe, maana kila alipokitazama alimwona Dobi na shati lake jeupe. Muhuri wake wa cheche alikuwa ameugonga mara mbili, pande zote, tangu chuma kikiwa bado laini, asije mtu akachanganya.

Jumamosi mkewe hakwenda kazini. Baada ya kunywa chai, Cheche akasafisha koo, akasimama, akatoa kifurushi. Alikuwa amekiviringisha kwenye taulo jipya la jikoni. Mtu asiyeelewa angesema ni karatasi ya zawadi tu.

"Cha ishirini na tatu," akasema.

Mkewe akafungua. Akakigeuza huku na huku, akakilaza juu ya meza, akainama kidogo. Akamtazama mumewe, akakitazama tena kisu.

"Kimenyooka."

"Kimenyooka."

"Umekiazima?"

"Nimetengeneza mwenyewe."

"Wewe?"

"Kuna muhuri. Pande zote mbili."

Mkewe akavuta ubao, akachukua kitunguu, akakipasua katikati, akaanza kukata kwa ile kasi yake ya jikoni kwa watu mia nne. Cheche aliipenda sauti ile kuliko nyimbo. Lakini safari hii sauti ikasita. Ikaanza tena, ikasita. Mkewe akainua kipande kimoja akakitazama kwenye mwanga: upande mmoja kinene, upande wa pili chembamba, kama kabari. Akakata kingine. Kabari.

"Kisu kina nini?" Cheche akauliza.

"Kisu hakina kitu. Kisu kizuri mno." Akakiweka chini polepole, akavuta droo, akatoa cha kumi na saba, kimeliwa na jiwe la kunolea mpaka kimekuwa chembamba, kimepinda kushoto kama kawaida ya ukoo. Akakata nusu iliyobaki. Vipande vikaanguka sawasawa, vyembamba, kimoja baada ya kingine, ungeweza kusomea gazeti kupitia kimoja.

"Umeona?" mkewe akasema. "Miaka yote hii visu vyako vinakwenda kushoto, basi mimi nimejifunza kuvuta kulia. Sijui hata kama navuta. Sasa hiki hakiendi popote, na mimi bado navuta."

Cheche akakaa. Swali alilolikimbia siku kumi likatoka lenyewe, kwa mlango wa nyuma.

"Na kile cha Dobi? Kwa hicho huvuti?"

"Kipi?"

"Cha kwenye taulo."

Mkewe akaacha kukata. "Umepekua begi langu?"

"Nilikuwa natafuta ufunguo."

"Ule wa Jumatano ile?"

"Ufunguo niliupata," Cheche akajitetea.

Mkewe akamtazama muda mrefu, na taratibu mambo yote ya wiki ile, chumvi, mabomba, kusimama mlangoni asubuhi, yakajipanga usoni mwake. Hakucheka, lakini ilimgharimu.

"Baba, kile alileta mdogo wangu kwa ajili ya yule mama mpya wa zamu ya asubuhi. Siku yake ya kwanza alishika chako, karoti zikamtoka kama pembe za ng'ombe, akaomba ahamishiwe kuosha vyombo. Cha Dobi anaweza kukitumia mtu yeyote. Ndiyo shida yake. Kile ni cha tatu, viwili vya kwanza vimeshaondoka na watu. Hicho kimoja ndiyo nakibeba kila siku, nakirudisha kila siku, nimechoka nacho kama mtoto wa jirani."

"Na changu?"

"Chako si kiko kwenye ndoano? Nilikwambia. Nani akiibe kile? Wote wamejaribu. Wanakirudisha kabla ya kitunguu cha pili."

Yalikuwa maneno matatu yaleyale. Cheche akayageuza mdomoni kama anayetafuta mfupa wa samaki.

"Kwa hiyo cha Dobi hujakatia hata karoti?"

"Nilikatia mara moja." Akainua kidole cha shahada, chenye kovu jembamba, jipya. "Nikavuta."

Cheche alikitazama kidole kile kwa furaha ambayo mume mwema hapaswi kuwa nayo. Akasema pole. Akaisema vizuri kabisa, mara mbili.

Mkewe akakifuta kisu cha ishirini na tatu, akakiviringisha kwenye taulo lake jipya, akakisukuma kuvuka meza mpaka kikafika mbele ya mumewe.

"Sitaki kukuvunja moyo," akasema. "Naona ulivyohangaika. Ila kama ungeweza kukipinda kidogo tu, kama vile vingine."

Cheche akakitazama kifurushi. Akapapasa mahali ulipokuwa unyusi.

"Itabidi nikamwulize Dobi kinapindwaje," akasema.